Zahanati ya bure: maswali yenu ya wiki hii

Dokta, ni kweli zamani matibabu Tanzania yalikuwa bure?

Vituo vya serikali ndiyo, mpaka 1993 wagonjwa walipoanza kuchangia gharama, hospitali kubwa kwanza. Ila msidhani ilikuwa zawadi. Baada ya Azimio la Arusha 1967 serikali ikaanza kupeleka hela vijijini, na huko vijijini wazee wetu ndio walichimba msingi, wakafyatua matofali, wakina mama wakasomba maji na mchanga kichwani, halafu ndio serikali ikaleta dawa na mganga. Jasho lao lile. Kwa hiyo ukikuta zahanati ya kijiji chenu inavuja usiseme tu "ya serikali hiyo".

Hospitali binafsi zilipigwa marufuku?

Za biashara ndiyo, 1977. Zikaruhusiwa tena 1991. Za misheni ziliendelea.

Mwanangu ana miaka mitatu, nimedaiwa hela ya kumuona daktari kituo cha serikali. Ni haki?

Sio haki dada yangu. Sera inasema chini ya miaka mitano ni bure, mjamzito pia. Omba risiti, muone mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akikuzungusha nenda kwa kamati ya afya ya kituo. Na hiyo kamati ina watu wa kwenu humohumo kijijini, mnawachagua halafu hamuwaulizi kitu, dawa zikiisha mnalalamika kwenye kahawa.

Zahanati niende kufanya nini wakati wanatoa panadol tu?

Jamani, hili swali kila wiki! Chanjo ya mwanao alichomwa wapi? Mkeo kliniki alianzia wapi? Kipimo cha malaria kinachotoa jibu ndani ya dakika 20 kipo hapohapo, lakini mtu anapita mlangoni anaenda duka la dawa ananunua antibayotiki vidonge vinne, akipata nafuu anaacha, ugonjwa ukirudi dawa ile haifanyi kazi tena ndio anakimbilia hospitali ya rufaa na nauli ya kukopa. Nimewaona wengi mno na inaniuma. Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda ukapime TB, matibabu yake ni bure.

Baba ana miaka 67, analipa?

Sera inasamehe wenye 60 na kuendelea wasio na uwezo. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji sasa hivi, msingoje mzee azidiwe usiku ndio muanze kutafuta barua ya msamaha.