Jibu: Mama na watoto kwenye michoro ya Kigiriki

Mkuu, umeuliza kama wachoraji wa Kigiriki waliwahi kumchora mama wa kawaida na wanawe, ukiacha Bikira Maria wa kanisani. Waliwachora, tena sana. Anzia karne ya 19, kwa kile kizazi cha wachoraji wa Kigiriki kilichosomea Munich, Ujerumani.

Wa kwanza kumtafuta ni Georgios Jakobides (1853–1932), mzaliwa wa kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. "Tamasha la Watoto" la mwaka 1900 liko Athens, kwenye jumba la taifa la sanaa, na yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Watoto wanapiga ngoma na kupuliza tarumbeta, mmoja kageuza hata keni ya kumwagilia maua kuwa ala, yote kumchangamsha mtoto mdogo aliyepakatwa. Mwanga unaingia dirishani. Kelele nusura uzisikie. Ila Jakobides aliishi Munich zaidi ya miaka 20, kwa hiyo bibi na wajukuu wengi aliowachora wana sura na mavazi ya Wabavaria, watu wa kusini mwa Ujerumani. Ukiitafuta Ugiriki humo utaambulia kidogo.

Kwa nyumba ya Kigiriki hasa, mimi namchagua Nikiforos Lytras. Kwenye "Kalanda" (1872) watoto wanaimba uani usiku nyimbo za sikukuu, na mama anawasikiliza huku kambeba mwanawe.

Halafu kuna Nikolaos Gyzis na "Uchumba wa Watoto" (1877): wakubwa wanawachumbisha watoto ambao bado wadogo kabisa. Hayo nayo ni maisha ya familia, uyapende usiyapende.