Maswali ya Wasomaji: Faili la Diski Lisilojulikana Muundo

Swali: Nimekabidhiwa faili la diski ya mashine pepe lenye kiambishi .img, nami sijui ni la muundo gani. Amri ya ls -l inaonyesha gigabaiti 40, ilhali diski yangu nzima ni ya gigabaiti 32. Inawezekanaje?

Jibu: Kiambishi kisikuhadae, kwani yeyote anaweza kukibadilisha. Andika qemu-img info (qemu-img ni zana ya QEMU, programu ya mashine pepe, ya kushughulikia faili za diski) ikifuatwa na jina la faili, nawe utaona mstari wa «file format» unaotaja muundo, «virtual size», yaani ukubwa ambao mashine pepe inauona, na «disk size», yaani nafasi inayokaliwa kweli. Yaelekea faili lako ni raw, yaani muundo ghafi unaohifadhi baiti za diski jinsi zilivyo, lenye matundu: sehemu ambazo hazijawahi kuandikwa hazichukui nafasi, ingawa ls -l huzihesabu.

Ukitaka kujihakikishia kwa macho yako, tumia xxd -l 4 ikifuatwa na jina la faili, ambayo huonyesha baiti nne za mwanzo kwa tarakimu za heksadesimali. Faili la qcow2, muundo wa QEMU wenyewe, huanza na baiti 51 46 49 fb, ambazo tatu za mwanzo ni herufi QFI. Raw haina kitambulisho chochote, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu VHD (muundo wa diski pepe wa Microsoft) ya ukubwa usiobadilika huweka alama yake, neno conectix, katika baiti 512 za mwisho, si mwanzoni, hivyo qemu-img huidhania kuwa raw. Ukiwa na shaka, pitisha matokeo ya tail -c 512, yaani baiti hizo za mwisho, kwenye xxd uitazame alama hiyo.

Mashine ikiwa inafanya kazi, qemu-img hukataa kulifungua faili, kwa kuwa mashine imelifungia. Chaguo la -U hulazimisha lifunguliwe, lakini mimi ningeizima mashine kwanza.