Mnaoanza kukarabati kumbi za mikutano mjini, tafadhalini

Juzi nimeletewa tena michoro ya vijana wetu. Ukumbi wa mikutano wa kisiwani Mombasa, na kila mchoro unaanza na kioo: mbele kioo, ubavuni kioo, hata ngazi ya dharura imevishwa kioo. Nikauliza lori la jukwaa na spika litaingilia wapi. Wakatazamana. Mmoja akanijibu, "Tutapitishia mlango wa mbele, bosi." Yaani spika zipishane na magavana kwenye zulia jekundu. Nawapenda, lakini hii ni mara ya ngapi?

1. Mjue mteja wenu. Kaunti inataka mgeni ashuke treni pale Miritini, alale mjini, apande tuktuk kwenda Fort Jesus, anunue leso Biashara Street. Sawa. Lakini mgeni huyo hachagui ukumbi. Anayechagua ni mwandalizi wa mkutano, na mwandalizi huwa hajali kioo. Anazunguka nyuma kwanza. Hoteli za Nyali, Shanzu na Diani zimewachukua waandalizi miaka mingi kwa sababu mtu analala, anakula na kukutana ndani ya uzio mmoja, na pesa zake hazitoki getini. KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, ilipofunguliwa mwaka 1973 ilipokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF, na nguvu yake mpaka leo ni kwamba ukitoka mlangoni uko katikati ya mji. Ukumbi wa kisiwani una nafasi hiyohiyo. Tunaipoteza wenyewe, kwa mambo ya nyuma ya pazia.

2. Mlango wa mizigo: lori liingie kinyumenyume, pasiwe na ngazi, na likipakua usiku lisizibe njia ya matatu asubuhi.

3. Stima ya fezi tatu, ile ya mitambo mikubwa, ifike jukwaani penyewe. Mkisahau, mtaona nyaya za jenereta zimepita chini ya miguu ya waziri.

4. Vyuma vya nje viwe stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya daraja la 316. Ile ya 304 hapa kwetu chumvi inaianza mapema, na fundi atawaapia kwamba zote ni moja.

5. Partisheni, ule ukuta wa kukunja unaogawa ukumbi. Hapa niacheni nikae kidogo.

Ukumbi mmoja niliousimamia, mteja alitaka ugawike mara mbili, auze huku semina na kule harusi. Wazo zuri. Tukaagiza partisheni ya kukunja, ya bei, na cheti cha maabara kinachosema inazuia sauti vizuri kabisa. Ikafungwa, ikafika kwenye silingi, ikaishia hapo. Juu ya silingi kulikuwa na uwazi wa kumfika mtu kifuani, umejaa mabomba ya viyoyozi, unakwenda ukuta hadi ukuta bila kizuizi. Mchoro wa mhandisi ulikuwa na ukuta wa kuziba uwazi ule, kuanzia reli ya partisheni hadi kwenye zege. Mimi ndiye niliyeufuta. Bajeti ilikuwa imevuka, marumaru ya mapokezi yalikuwa yamepanda bei, na mteja hakutaka marumaru yake yaguswe. Nikapitisha kalamu kwenye BQ, ile orodha ya kazi na gharama zake, nikasema, nani atapanda juu ya silingi kuangalia?

Ikafika Jumamosi ya kwanza yenye kazi pande zote mbili. Huku wahasibu kutoka bara, kule akina mama wa mjini wana sherehe yao ya harusi, kupamba. Mwenyekiti wa wahasibu akawasimamisha watu kumkumbuka mwenzao aliyefariki. Vichwa vikainama. Kule bibi harusi akaingia. Lo! Vigelegele, chakacha, na mama mmoja mwenye kipaza sauti akiwahimiza wenzake watikise viuno, kila neno likitufikia wazi. Mwenyekiti alijikaza. Wahasibu wa safu ya nyuma mabega yaliwatikisika, na hawakuwa wakilia. Nilikuwa nimesimama pembeni na tai mpya niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, nikitazama silingi.

Mwandalizi hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alilipa, akashukuru, mwaka uliofuata akaenda Shanzu. Waandalizi wanajuana, mmoja akihama, anahama na wenzake. Ukuta ule tuliujenga baadaye, silingi ikabomolewa, mabomba yakakatwa na kutiwa vizuia sauti, kwa gharama iliyoizidi mbali ile niliyoifuta. Marumaru bado yapo. Mvua ikinyesha watu wanateleza.

Basi: ukuta wa juu haufutwi. Bomba moja la kiyoyozi lisihudumie kumbi mbili bila kizuia sauti. Na kabla ya kusaini cheti cha mkandarasi, washeni muziki mzito upande mmoja, mkae upande wa pili na kahawa yenu.

6. Kioo, kwa kuwa mmekililia. Kisielekezwe magharibi. Jua la saa kumi likiingia, projekta haionekani na viyoyozi vinakula faida yote.

7. Chumba cha kuswalia, na mahali pa kutawadhia penye mfereji wa maji sakafuni. Msipopaweka, watu watanyanyua miguu kwenye sinki za choo, na zitang'oka. Nimeziona zimeng'oka.

8. Zulia la ukuta hadi ukuta achaneni nalo. Ukumbi ukikaa umefungwa bila kiyoyozi, unyevu wa hapa unaliotesha ukungu.

9. Kazi za kelele zipangeni Ramadhani. Shaabani kumbi zinajaa harusi, kisha mwezi ukiandama zinakatika, na ukumbi uko mikononi mwenu. Kumbukeni mwezi huo unarudi nyuma siku kumi hivi kila mwaka, kwa hiyo programu ya kazi ya mradi uliopita msiinakili. Mafundi waliofunga saumu wataomba waanze baada ya tarawehe. Wakubalieni, muwaarifu majirani mapema, na futari yao iingie kwenye BQ, chini ya gharama za awali, ili mkadiriaji asije akadai hakuiona.