Jibu: Tezi ya shingo inakua licha ya dawa za TB

Pole sana, ndugu. Umesema kaka yako anaishi na VVU, anameza dawa za TB, lakini tezi ya shingoni inazidi kuvimba. Kwanza ulizeni: TB ilithibitishwa kwa kipimo, au ilikisiwa tu? Homa, jasho la usiku na kukonda huletwa na limfoma (saratani ya tezi) pia. Kwa dada yangu, sampuli ya sindano nyembamba haikuonyesha kitu. Jibu lilipatikana tezi ilipotolewa nzima na kupelekwa maabara. Ombeni hivyo, na mumuulize daktari kama predinisoloni (dawa ya kupunguza uvimbe) inaweza kusubiri, maana huweza kuificha saratani. Limfoma ya Burkitt, aina mojawapo ya limfoma, hukua kwa siku, si kwa miezi. Tafadhali msingoje kliniki ijayo! ARV asiziache.