Kwenye seva ni composer install, si update

Mkuu, umeuliza kwenye seva uendeshe composer install au composer update. Composer ni programu inayoleta vifurushi, yaani kodi za watu wengine ambazo tovuti ya PHP huzitegemea. Update ibaki kwenye kompyuta yako ya kazi. Install husoma faili la composer.lock, lenye orodha ya matoleo kamili ya vifurushi, na kuleta matoleo yale yale uliyoyajaribu, hadi namba ya mwisho. Update haijali matoleo yaliyoandikwa humo: hutafuta mapya kadiri composer.json (faili la kuorodhesha vifurushi unavyohitaji) inavyoruhusu, kisha hulibadilisha hilo faili. Ndiyo maana tovuti iliyokuwa nzima jana inaweza kugoma leo na wewe hujagusa hata mstari mmoja wa kodi.

Natunza tovuti chache hapa Kigoma, za nyumba za wageni na ya muuza dagaa mmoja wa Kibirizi, na zote naziendesha hivyo. Ukitaka kupandisha kifurushi kimoja tu, andika jina lake kamili baada ya update. Kwenye seva ongeza --no-dev baada ya install ili zana za majaribio zisiingie.

Anayesema kwamba install inakula bando kila ukiiendesha amezidisha chumvi. Composer huweka akiba ya ilichokwisha kupakua, haikirudii.

Ila angalia: kama composer.lock haipo, install itajitafutia matoleo kama update tu. Kwa hiyo faili hilo liingie kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya kodi. Folda ya vendor, vifurushi vinamowekwa, ndiyo ya kuacha nje. Na PHP ya seva ikiwa ya zamani kuliko yako, install inaweza kukataa kabisa, hasa hizi hosting za bei chee.