Ukifunga riakta, fungua na kitabu cha seti

Juzi nimekuta kijana wetu ameandika kwenye kitabu cha zamu: "Riakta imefungwa, seti za relei hazijaguswa." Nikamwita tukakaa, maana sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi. Riakta hapa ni koili ya kupunguza mkondo wa shoti; relei hupima mkondo na kuiamuru breka (swichi kubwa) ikate; seti ni viwango tunavyoiwekea relei.

1. Piga hesabu za shoti upya, mpaka mwisho wa kebo. Mimi niliishia kwenye basiba, baa kuu ya kugawia umeme. Breka zetu za kilovolti 11 zilikuwa kuukuu, haziwezi tena shoti ya pale, tukafunga riakta ya omu 0.44 kwenye inkama, laini inayoleta umeme kwenye basiba. Breka zikapona, nikafunga faili.

Fida ya pampu (laini inayotoka basiba kwenda kwenye pampu) ilikuwa na pikapu (mkondo unaoiamsha relei) ya ampea 400, TMS (kizidishi cha muda) 0.2, kevu ya kawaida ya IEC (mkondo ukizidi, muda wa kukata hupungua), na hai-seti (kiwango cha kukata papo hapo) ya ampea 6000. Shoti ya mwisho wa kebo ilikuwa ampea 7200, hivyo hai-seti ilikata papo hapo. Riakta ikaishusha hadi 4800. Hai-seti haikuiona tena! Relei ya fida ikabaki na kevu yake: sekunde 0.55. Inkama, pikapu 1200 na TMS 0.1, ilihitaji 0.50.

Usiku mmoja jointi ya kebo ikapiga shoti. Inkama ikawahi, kiwanda kizima giza. Nikatamka mbele ya watu kwamba relei ya inkama ni mbovu, na fundi aliyeipima hakuipima sawasawa. Yule mzee hakunijibu. Alileta mashine ya kupimia, akaipiga mkondo relei ile hadi alfajiri, kila mara ikakata kwa wakati wake. Ndipo nikachukua kalamu na karatasi. Nilimwomba radhi mbele ya watu walewale, na hadi leo nikikumbuka uso wake naumia. Tena mkondo ulikuwa umepungua, lakini jointi iliungua vibaya zaidi: zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa muda, utaona joto limezidi maradufu.

2. Relei ya umbali (hukadiria shoti iko mbali kiasi gani) ikiwa na riakta kati yake na shoti, huona shoti iko mbali kuliko ilipo, rekebisha zoni, yaani umbali iliopangiwa kulinda.

3. Kipunguza mkondo cha baruti hukata kabla ya kilele cha kwanza, relei ikiwa haijaamka, kwa hiyo usigredi (usipange relei ipi itangulie kukata) kwa mkondo ambao hautafika.

4. Kipunguza mkondo cha supakondakta (waya usio na ukinzani ukiwa baridi sana) hubadili ukinzani shoti ikiendelea. Namba moja ya hesabu haitoshi.

5. Rezista ya nyutro (inayofungwa kati ya nyutro na ardhi) hupunguza shoti ya ardhi peke yake: weka relei ya ardhi yenye pikapu ndogo. Vijana, hili nimelisema mwaka jana na juzi nimelikuta tena!

6. Riakta ikikaa jirani na breka, volti hupanda kwa kasi sana breka inapofunguka. Uliza kuhusu kapasita ya kupunguza kasi hiyo.

Kijana nimempa kesho nzima, bila zamu. Tunaanza na fida ya pampu.