Wasomaji Wanauliza: Vyuo Vikuu vya Umma vya Ujerumani

*Nasoma uhandisi mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma, Dar es Salaam. Nimechaguliwa kwenda Ujerumani muhula mmoja kwa mpango wa Erasmus+, ule wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Walionitangulia wanasema waliporudi masomo yao hayakuhesabiwa, na mmoja amerudia mwaka. Nijikinge vipi?*

Jikinge kabla ya kupanda ndege, kwenye mkataba wa masomo. Hati hiyo husainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Wengi hujaza upande mmoja tu, wa masomo watakayosoma kule. Upande wa pili, unaoonyesha kila somo la kule litasimama badala ya somo gani la nyumbani, wanauacha wazi au wanaandika kwa jumla jumla. Muhula ukiisha, mratibu wa mitihani hana pa kuyaweka. Kaa na mkuu wa idara, mpange somo kwa somo, kisha nakala ifike kwa mratibu wa mitihani wa kitivo. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa peke yake haitoshi, kwa kuwa haiingizi matokeo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ulaya mwaka mzima wa masomo ni ECTS 60 (ECTS ndizo krediti zao), kwetu kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni krediti 120. Kwa hiyo somo la ECTS 5 linasimama badala ya somo la krediti 10, na muhula kamili ni ECTS 30. Ukichukua ECTS 20 ili upate nafasi ya kutembea, unarudi na pengo la krediti 20, na pengo hilo ndilo linalomrudisha mtu darasani. Kuna watakaokuletea hesabu ya saa za kujisomea ili wapate uwiano mwingine. Shikilia uwiano wa mzigo wa mwaka, na uandikwe mapema.

Alama za Wajerumani zimepinduka. 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 ni kufeli. Karani aliyezoea GPA akiona 1.7 atadhani umeponea chupuchupu, kumbe umefanya vizuri sana. Omba jedwali la kubadilisha alama liambatanishwe kwenye mkataba.

Tatizo jingine ni kalenda. Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kwisha 31 Machi. Vipindi hukoma katikati ya Februari na mitihani mingi huja baada ya hapo, kwa hiyo matokeo yanaweza kufika wakati bodi ya mitihani ya kwenu imeshakaa. Andika barua kabla ya kuondoka ukiomba matokeo yako yasomeke kuwa yanasubiriwa, si kwamba hukufanya mtihani. Na ukifika ukakuta vipindi viwili vinagongana, badilisha mkataba wiki za mwanzoni, saini zote tatu upya. Makubaliano ya mdomo na mhadhiri hayafiki kwenye transkripti.

Ada ya chuo cha kule hulipi. Ya nyumbani unaendelea kulipa kama kawaida.

*Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, nimepata daraja la kwanza. Nasikia Ujerumani chuo ni bure. Naweza kuomba shahada ya kwanza moja kwa moja? Niko Mbeya.*

Marahaba. Tuanze na hiyo bure. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila kila muhula kuna mchango, mara nyingi kati ya euro 100 na 400. Lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TU München tangu muhula wa baridi wa 2024/25 hutoza wa shahada ya kwanza wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 2,000 hadi 3,000 kwa muhula. Soma ukurasa wa ada wa chuo husika, usiamini video.

Kuhusu kuomba moja kwa moja: angalia kwanza cheti chako kwenye kanzidata ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, au ile iitwayo anabin, ya Wajerumani ya kulinganisha vyeti vya nje. Cheti kisipotosha peke yake, njia ya kawaida ni kusoma Studienkolleg, mihula miwili ya matayarisho inayoishia na mtihani. Wa sayansi na uhandisi huingia kundi la T, la masomo ya ufundi. Hata huko unaingia kwa mtihani, na Kijerumani cha ngazi ya kati, B1 au B2, mkononi.

Lugha ndiyo inayowaangusha wengi kuliko alama. Shahada za kwanza karibu zote hufundishwa kwa Kijerumani, zile za Kiingereza ziko zaidi ngazi ya uzamili. Kufika B2 kutoka sifuri huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Kwa hiyo anza sasa, si baada ya kudahiliwa.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayoyakagua kwa niaba yao: euro 75 kwa chuo cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huo huo. Mwisho wa kawaida kwa muhula wa baridi ni tarehe 15 Julai. Peleka wiki nane kabla, maana hati ikiwa na kasoro utatakiwa kuirekebisha na muda unaendelea kukatika.

*Wanangu, wakala anasema tumlipe yeye pesa za "akaunti ya Ujerumani", binti atarudishiwa kule. Ni sawa? Mama, Mwanza.*

Hapana, Mama. Usimpe hata senti. Akaunti hiyo, Sperrkonto, ni ya kuuthibitishia ubalozi kuwa binti ana pesa za kujikimu; hufunguliwa kwa jina la binti mwenyewe, na pesa hutoka benki kwenu moja kwa moja. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, naye hupewa hadi euro 992 kila mwezi akishafika. Akinyimwa viza, akaunti hufungwa na pesa hurudi kwenu.

Tumeni ziada ya euro 100 hivi. Benki za njiani hukata makato, na zikifika euro 11,880 uthibitisho hautolewi mpaka mkamilishe. Kama kuna ndugu anayeishi na kufanya kazi Ujerumani, anaweza badala yake kutia saini ahadi ya kumgharamia kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, wakiridhika na kipato chake.

Huyo wakala, muulizeni kibali cha TCU, kisha mthibitishe TCU kwenyewe. Karatasi ya kwenye simu yake haitoshi.

*Nikifika, si nitajilipia kwa vibarua? Mombasa.*

Sheria tangu Machi 2024 inakuruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Ubalozi, hata hivyo, hauhesabu mshahara ambao hujaupata. Na mwezi wa kwanza usitegemee kibarua: lazima kwanza ujiandikishe makazi ndani ya wiki mbili, ndipo upate namba ya kodi. Bima ya afya, kama euro 140 hadi 160 kwa mwezi, inaanza kudai siku ya kusajiliwa chuoni, uwe umepata kibarua au hujapata.